Viungio vya kebo katika vigunduzi vya chini ya ardhi: ushauri kwa wanaoanza

Anayeanza kazi katika maabara ya kugundua chembe chini ya ardhi huvutiwa na tangi na mirija ya kunasa mwanga, na viungio vya kebo huviona kuwa kazi ndogo ya mwisho. Nawashauri mvishughulikie mapema, kwa sababu mwamba wa kilomita moja au mbili huzuia karibu myuoni zote (chembe zenye nguvu zitokazo angani), lakini hauzuii cheche inayozaliwa ndani ya kiungio chenyewe.

Someni kwa makini yaliyotokea katika kigunduzi cha SNO, kilichojengwa kiasi cha mita 2,000 chini ya ardhi katika mgodi wa nikeli karibu na Sudbury, Kanada. Mirija zaidi ya 9,000 ilielekezwa kwenye tani 1,000 za maji mazito (maji yenye hidrojeni nzito), na kila mmoja ulipokea takriban volti 2,000 kupitia kiungio kilichozama katika maji ya kawaida yaliyouzunguka. Maji hayo yalikuwa yameondolewa gesi ili kupunguza radoni (gesi yenye mionzi) na oksijeni, na kwa sababu hiyo hewa iliyokuwamo ndani ya viungio ikapenya polepole kuingia majini, shinikizo likashuka, na umeme ukaanza kuruka, kwa kuwa gesi iliyopungua shinikizo, hadi kiwango fulani, hupitisha cheche kwa urahisi zaidi. Viungio havikubadilishwa, maji ndiyo yaliyorudishiwa gesi, safari hii nitrojeni safi, na cheche zikapungua. Nauheshimu sana uamuzi huo. Basi kila mnapochagua kiungio, jiulizeni kuna nini ndani yake leo, na kutakuwa na nini baada ya miaka mingi ndani ya maji yale.

Mwaka 2011, jaribio la OPERA lilitangaza kuwa nyutrino (chembe nyepesi mno zisizo na chaji) kutoka CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, zilifika maabara ya chini ya ardhi ya Gran Sasso, Italia, umbali wa kilomita 730 hivi, nanosekunde 60 kabla ya muda ambao mwanga ungetumia. Baadaye ilibainika kuwa kiungio cha faiba kilicholeta ishara ya saa ya GPS hakikuwa kimekazwa sawasawa, mwanga ukafika hafifu, na kipokezi kikachelewa kuutambua, hivyo saa ya kigunduzi ikawa nyuma na nyutrino zikaonekana kuwahi. Ulinganisho wa myuoni zilizopita pia katika kigunduzi jirani cha LVD ulionyesha mkengeuko wa nanosekunde 73 hivi. Mkikuta kiungio kimelegea, msikikaze mara moja: pimeni kwanza ucheleweshaji wake na mwandike, maana ukishakikaza ushahidi umepotea.

Kuhusu usalama, kiungio cha aina ya BNC ni cha ishara, cha aina ya SHV ni cha volteji ya juu, na hapo hapana mjadala. Pini ya SHV imezamishwa ndani ili kidole kisiifikie, na ganda lake huungana na ardhi kabla ya pini kugusana. Kiungio cha zamani cha MHV hufanana mno na BNC na huweza kulazimishwa kuingiliana nacho, mkikikuta, kiondoeni.

Kabla tangi halijajazwa, tumeni mpigo mfupi katika kila kebo na mhifadhi mchoro wa mwangwi wake. Katika kebo ya kawaida ya koaksia (waya wa kati uliozungukwa na ganda la metali) ishara hutumia takriban nanosekunde 5 kwa mita, hivyo kiungio kibovu kilicho mita 30 mbali hujionyesha kwenye nanosekunde 300, kwenda na kurudi.