Muulize Anti: Dayari iko, maneno hakuna

Mwezi huu maswali ya kuandika dayari yamekuwa mengi, sijui ni nini imewaingia watu wa Nairobi, lakini hebu tuyamalize yote hapa ndiyo mwezi ujao turudi kwa mambo ya wakwe na landilodi.

*Anti habari. Mimi naishi Kayole, niko na miaka 27, ni keshia kwa supamaketi moja hapo tauni. Mwezi wa kwanza nilijinunulia dayari safi sana ya kava ngumu na kautepe, nikasema huu mwaka lazima niandike kila siku juu nilikuwa nimesikia inapunguza stresi na kupanga akili. Nikaandika siku chache nikaacha. Sasa kila nikiifungua naona vile kurasa ziko tupu naskia vibaya naifunga. Sijui niandike nini, siku zangu zote zinafanana, kuamka, gari, kazi, gari, kulala. Na nafika nyumba saa tatu usiku nimechoka hata kupika ni shida. Ni lazima niandike asubuhi vile watu husema? Na ni Kiswahili ama Kizungu? – Keshia wa Kayole*

Dadangu Keshia, hiyo dayari ya utepe iweke kando kwanza, andikia huko michango ya chama ama birthdei za watu, juu inakutisha. Kitu kimependeza hivyo kinataka maneno yamependeza, na wewe saa tatu usiku huna maneno ya kupendeza, uko na miguu inauma tu. Chukua daftari la kawaida la shule, lile bei yake haifiki shilingi mia, ambalo ukiandika ujinga ndani yake husikii umeharibu mali.

Sasa tuje kwa ugonjwa wenyewe. Si muda, na si ati siku zako zinafanana. Ugonjwa wako ni insha. Wewe na mimi na karibu kila mtu alisoma shule ya msingi hapa Kenya enzi za KCPE, hiyo mitihani iliyoanza 1985 ikaisha 2023, tulifunzwa kuandika tukijua kuna mtu mahali ameshika kalamu nyekundu anangoja kutupa alama juu ya arubaini. Tukakariri. Jogoo wakawika, jua likatabasamu, ndege wakaimba nyimbo tamutamu hata kama ni Kayole na kitu ilikuwa inaimba ni jenereta ya jirani. Methali mbili hapo katikati, tashbihi, tamati. Mtihani umeisha miaka mingi lakini ukishika kalamu huyo mwalimu anarudi kusimama nyuma yako, na kwa sababu hakuna kitu cha kumfurahisha kimefanyika leo, unafunga daftari. Nabeti ukifungua zile kurasa chache za Januari utapata kitu kama hii:

"Leo ilikuwa siku njema yenye baraka tele. Niliamka alfajiri na mapema nikiwa mchangamfu. Kazini mambo yalikuwa sambamba. Namshukuru Mungu."

Hakuna siku hapo. Hiyo inaweza kuwa Jumanne ya mtu yeyote, hata yangu. Sasa angalia hii nyingine, nimeitunga mimi lakini wewe kama keshia utajua naongea nini:

"Mama mmoja wa leso ya kijani, unga kilo mbili, sabuni ya kipande, maziwa. Pesa ikapungua kumi na tano. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama naweza toa maziwa kwa risiti. Nikaita sapavaiza atoe, laini yote ikaanza kunung'unika. Nilikuwa na hiyo kumi na tano kwa mfuko."

Hiyo ndiyo dayari. Haina methali, haijasema kama siku ilikuwa njema ama mbaya, na sentensi ya mwisho hata haijaisha vizuri, lakini ukiisoma mwaka wa 2035 utamwona huyo mama na leso yake na utakumbuka vile ulisikia. Unaona pia vile haihitaji siku ya maajabu, inahitaji kitu kimoja tu uliona na macho ama kusikia na masikio, mtu ameshika nini, amesema nini, bei ilikuwa ngapi. Siku zako hazifanani, ni vile unaziandika kwa maneno yanayofanana. Wewe kwanza unakaa kwa tili siku nzima watu wakipita mbele yako na siri zao zote kwa kikapu, kwani unataka nini ingine? Na ukikaa ukose kabisa, fungua meseji za M-Pesa za leo, hizo hukumbuka siku yako kuliko wewe: ulimtumia nani, saa ngapi, kwa nini ilibidi Fuliza iingilie. Chukua moja uandike stori yake.

Mistari mitatu inatosha. Weka tarehe na mahali, andika, funga. Usiku ambao unataka kujaza kurasa mbili jaza, lakini usiifanye sheria.

Kuhusu saa, hao wanaosema lazima alfajiri wengi wao hawaamki saa kumi kungoja gari. Chenye inasaidia si saa, ni kuifunga na kitu kingine ambacho tayari unafanya kila siku bila kufikiria. Kuna watafiti wa University College London, mkuu wao akiwa Phillippa Lally, walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akichagua kitendo kidogo cha kufanya kila siku baada ya kitu fulani, kwa mfano kula tunda na lanchi ama kukimbia kabla ya sapa. Matokeo yao ya 2009 ni kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 kitendo kianze kujiendesha chenyewe, lakini kati ya mtu na mtu tofauti ilikuwa kubwa ajabu, kuanzia 18 hadi 254. Kwa hivyo ile hadithi ya siku 21 mnatumiana tafadhali iacheni. Ilitoka kwa daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, ambaye 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 kuzoea sura mpya. Sura mpya! Na akasema angalau, hilo neno likaangukia njiani.

Sasa wewe kitu chako ni gani? Kwangu naona iko wazi: gari ikingoja kujaa steji jioni. Hapo uko na dakika kumi, mara ishirini, makanga anapiga mwili wa gari akiita watu wawili wa mwisho ambao huwa si wawili, na wewe kazi ni kuangalia wauza njugu. Toa daftari, andika kabla gari litoke, juu likishatoka na hizo bampu hata wewe mwenyewe hutasoma huo mwandiko. Ukifika nyumba umemaliza, miguu ipumzike.

Ukiruka siku, imeenda. Usikae Jumapili kujaza deni ya wiki nzima, hapo ndipo wengi hufia. Hao hao watafiti wa London waliona kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Na lugha, andika na ile unagombana nayo. Changanya Kiswahili na Kikamba na Sheng, andika "aki ya nani" mara saba. Mwalimu hayuko.

*Anti sasa. Mimi ni jamaa wa Rongai, natengeneza simu. Bibi yangu ananiambia nianze kuandika dayari juu ati siongeangi. Si hiyo ni vitu za wasichana wa haiskuli, za kuandika krashi na kuchora maua? Niambie ukweli. – Fundi*

Fundi, ukweli ndio huo nakupa. Kulikuwa na mzee wa Karatina, Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi na mchapishaji wa Kikuyu, aliyekamatwa na serikali ya mkoloni Oktoba 1952 kwa sababu ya mambo aliyokuwa anachapisha. Huko kizuizini akawa anaandika kwa siri yaliyokuwa yanawapata, anaficha, na hayo maandishi yakatoka kama kitabu 1983, mwaka uliofuata yakashinda tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika. Kama ni maua alikuwa anachora, hatujayaona.

Na sidhani wewe huandiki. Mafundi wengi wa simu wako na kitabu cha kazi, jina la kastama, aina ya simu, shida, deposti. Basi chini ya hapo, ukishafunga kibanda, ongeza mstari mmoja ambao si wa kastama, ni wako. "Skrini ya yule kijana ilipasuka akigombana na babake, amenieleza yote nikiwa nafungua skrubu." Hiyo tu. Bibi hajasema uwe mshairi, amesema hajui siku yako iko aje. Lakini jua kuandika hakutachukua mahali pa kuongea naye, kwa hivyo siku moja moja umsomee ule mstari.

*Anti, mimi naishi bedsita huku Umoja na mdogo wa mume wangu analala kwetu hadi apate kazi. Nataka kuandika lakini huyo kijana anafungua kila droo. Nifanye nini? – Sina Pa Kuficha*

Mama, Katiba ya 2010 kifungu cha 31 inakupa haki ya faragha lakini haikukupa kufuli. Kwa bedsita hakuna mahali pa kuficha kitu, tusidanganyane, chini ya godoro ndipo mtu hutafuta kwanza. Nakuona na njia mbili. Ya kwanza ni daftari liishi kwa mkoba wako wa kazi, pamoja na pedi na vitu zingine ambazo vijana wa umri huo hawashiki, lisitolewe ndani ya nyumba hata siku moja. Ya pili ni simu, programu ya notsi yenye paswadi, na hakikisha ile paswadi si mwaka wa kuzaliwa wa mtoto. Simu iko na shida zake, chaji ikiisha ama ikiibiwa umepoteza mwaka mzima, kwa hivyo weka bakapu. Na ukiandikia kwa gari usikae dirishani, mnajua vile mikono huingia kwa jamu.

Kuna wanaoandika kwa herufi za kwanza tu, "S alisema ile kitu tena." Ni sawa, ila baada ya miezi sita utakuwa unajiuliza S ni nani. Kwa huyo shemeji mwenyewe, ongea na mume wako, hiyo si kazi ya dayari.

*Anti, mimi ni mama wa watoto wawili, Githurai. Mwaka jana nilifiwa na dada yangu. Rafiki wa kanisani akaniambia niandike kila kitu nitapata nafuu. Lakini nikiandika nalia, na kesho yake naamka nikiwa mbaya kuliko jana. Niendelee? – Mama wa Githurai*

Mama pole sana, pole kwa dada.

Huyo rafiki hakutoa hewani. Mwaka wa 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, waliambia wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kwa siku, siku nne zikifuatana, kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani. Walipomaliza tu kuandika walikuwa na huzuni zaidi kuliko wenzao walioandika vitu vya kawaida, kwa hivyo wewe kulia si ajabu. Ni miezi iliyofuata ndiyo wale walioandika kilichotokea pamoja na vile walisikia walionekana kwenda kliniki ya chuo mara chache zaidi. Utafiti mwingi umefuata, na faida ipo lakini kwa wastani ni ndogo.

Lakini angalia hapo, mama: siku nne, dakika 15. Hakuna mtu aliwaambia wajikalie na msiba kila usiku mwaka mzima. Pennebaker mwenyewe hushauri kwamba ukiona jambo litakulemea, liache, andika lingine. Nami nakwambia kifo chenyewe kiache kwanza. Andika dada akiwa hai: alikuwa anakuita jina gani nyumbani, chapati zake zilikuwa laini ama ngumu, alikuwa anacheka vipi kwa simu, alikudai nini mpaka leo hujalipa. Utalia bado, lakini utakuwa unalia na yeye akiwa hapo. Andika mchana watoto wakiwa shule, si usiku ukielekea kulala.

Na kama unakosa usingizi, chakula hakishuki, ama umeanza kuwaza afadhali usingekuwepo, daftari liweke chini leo hii. Piga 1199, ni laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, utaongea na mshauri, ama uende hospitali iliyo karibu uwaambie hivyo hivyo ulivyoniandikia. Na huyo rafiki wa kanisani mwambie akusindikize.

*Anti, swali fupi. Ni kalamu gani poa? – Wa Zimmerman*

Biki ya kawaida ya bluu. Zile za jeli huvuja kwa mkoba, na ukinyeshewa kutoka steji hadi kwa geti, wino wote umeisha kwa karatasi.