Waya mweusi wa Ontario

Pasua, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku umeme ukiwa umekatika, nikaurudia asubuhi nikiwa na miwani. Unauliza mawili: mumeo akishaanza masomo yake Ontario, Canada, nawe ukapata kibali cha kazi, je, utashika kazi ya umeme moja kwa moja au uanze na chochote? Na cheti chako cha chuo cha ufundi, VETA, watakikubali? La tatu hukuliuliza, umelitaja tu kama linalopita njia: yule wakala wa hapo Arusha anayetaka milioni tatu akutafutie mwajiri.

Naanza na huyo maana ni mfupi. Usimpe hata mia. Ontario wana sheria inayokataza wakala kumtoza mgeni ada ya kumtafutia kazi, na inamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mgeni. Mtu anayeanza safari yako kwa kuvunja sheria ya huko uendako, sioni atakufikisha wapi.

Haya, tuje kwenye umeme.

Kwetu kazi inajitangaza. Ulifanya wayaringi ya nyumba moja Sakina, jirani akaja kuangalia, akakuita, na shemeji yake akakuita. Ontario haiendi hivyo. Umeme ni kati ya fani ambazo huruhusiwi kuzigusa mpaka uwe na cheti cha jimbo lenyewe, au uwe mwanagenzi, yaani fundi anayejifunza kazini, uliyeandikishwa rasmi. Mchomeleaji anaweza kuingia karakana, akaonyesha mkono wake, akaanza. Wewe huwezi. Kwa hiyo hata hilo la kusema utaanza kama saidia fundi, kimyakimya, liondoe kichwani.

Chombo kinachotoa cheti hicho kinaitwa Skilled Trades Ontario. Hawataanza kukuuliza unajua nini, watakuuliza umefanya saa ngapi. Mwanagenzi wa umeme wa majengo kule anatakiwa afikishe saa 9,000, na katika hizo 720 ni za darasani. Kwa wiki ya saa 40 hiyo ni kama miaka minne na nusu. Wewe una miaka saba tangu utoke VETA. Saa unazo, mama. Shida ni nani atazisemea.

Nalijua hili kwa kuumia. Mwaka 1991 nilikwenda Botswana na begi la vifaa na barua moja ya kiwandani iliyosema nilifanya kazi "kwa uaminifu na bidii". Uaminifu! Haikusema nilikuwa nafunga mota, haikutaja tarehe ya kuanza wala ya kuacha. Miezi minane niliwekwa saidia fundi, namshikia ngazi kijana ambaye, bosi akigeuka, alikuwa ananiuliza mimi waya upi uende wapi. Barua ndiyo iliyoniangusha, si mkono.

Basi wewe usiondoke na barua ya sifa. Kila uliyemfanyia kazi aandike kwenye karatasi yenye nembo yake: ulianza lini, ukaacha lini, saa ngapi kwa wiki, ulifanya nini hasa. Nasema hasa. Kufunga bodi ya usambazaji, kupitisha nyaya, kupima ethi, kutafuta hitilafu. Asaini, aweke simu inayopatikana. Na iandikwe Kiingereza tangu mwanzo, la sivyo utamlipa mtafsiri aliyeidhinishwa kule, tena kwa dola.

Ile miaka miwili uliyozunguka na pikipiki mwenyewe ndiyo itakusumbua, kwa sababu hakuna bosi wa kuisemea. Tafuta mikataba, hata ile ya kuandikwa kwa mkono. Tafuta risiti za duka la vifaa. Waombe wenye nyumba waandike. Leseni yako ya kufunga umeme, ile ya EWURA, ibebe, na cheti cha VETA pia: hakikupi ruhusa ya kufanya kazi, ila kinaonyesha ulifundishwa na wapi. Wakiridhika na saa zako, watakuruhusu kukalia mtihani, na alama ya kufaulu ni 70 kwa mia. Ukipita unapata na muhuri wanaouita Red Seal, unaotambulika kwenye majimbo mengine pia. Wakizikubali nusu tu, usisuse. Utaandikishwa mwanagenzi na kumalizia zilizobaki, huku unalipwa.

Sasa sikiliza la fundi kwa fundi. Kijana wa jirani yetu yuko Hamilton, hukohuko Ontario, na amekuwa akinitumia picha. Nyumba zao nyingi ni za mbao, kwa hiyo hakuna kuchimba tofali na kulaza paipu. Wanatoboa mbao, waya unapita. Swichi wanaipandisha juu kuwasha. Majumbani mwao ni volti 120 pale sisi tunapotumia 230, na kwenye majengo makubwa utakuta 600. Hayo utayazoea. Linalonikosesha usingizi ni rangi. Hapa, kwenye nyumba za zamani, umezoea mwekundu ndio laivu, ule unaoleta umeme, na mweusi ni nyutro, ule wa kuurudisha. Hizi mpya ni kahawia na buluu. Kule mweusi ndio laivu, na nyutro ni mweupe. Mkono wako una miaka saba ukimchukulia mweusi kama mpole. Kichwa kitakumbuka, lakini saa kumi jioni, umechoka, baridi imeshika vidole, ni mkono unaotangulia. Pima kila waya kwa testa, hata kama wenzako wanacheka.

Kuhusu kutafuta mwajiri: wapo wakandarasi wadogo, na kipo chama cha mafundi umeme, IBEW, ambacho tawi lake la Toronto ni namba 353. Chama kinachukua wanagenzi, lakini kwa foleni na usaili. Omba kote. Wakati unasubiri karatasi, fanya kazi ya ghala au ya usafi bila aibu, mradi isikumalizie jioni zote za kusoma.

Mama yako amekununulia makoti mawili ya mitumba pale Memorial. Nimeangalia lebo, moja limetoka Canada. Linarudi kwao.

Jumatatu nitapanda Kosta ya asubuhi, nikukute Njiro kwenye ofisi ya yule mkandarasi wako wa kwanza. Najua ameshakupiga tarehe mara mbili kuhusu hiyo barua. Njoo nayo ikiwa imeshachapwa, abaki na kusaini tu. Mimi nitakaa pale kwenye benchi na mvi zangu mpaka asaini.

Baba yako