Baba alitetemeka kwenye dripu, sasa hataki kurudi

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu, miaka 67, ana saratani ya tezi za limfu. Wiki iliyopita ameanza dripu ya rituksimabu. Nusu saa haijaisha akatetemeka mpaka kitanda kinalia, homa juu, vipele kifuani. Muuguzi akaifunga, akamchoma sindano, baadaye ikaendelea taratibu mpaka ikaisha. Sasa amegoma: "Dawa hiyo imenikataa." Tumwache?
Binti, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Ingekuwa imemkataa, wasingeirudisha ikaisha. Dawa hii ni kingamwili: hujibandika kwenye chembe nyeupe za damu, zikiwemo zile za saratani, nazo zikipasuka humwaga kemikali mwilini kwa mkupuo. Ndiyo baridi ile. Mara ya kwanza chembe hizo ni nyingi. Dripu ya pili kwa kawaida huwa tulivu zaidi.

Nimefanya kazi wodi ya saratani miaka 22. Blanketi nililiweka miguuni mwa mgonjwa kabla sijatundika dawa. Kwanza panadoli na piritoni, halafu tunaanza na miligramu 50 kwa saa, tunaongeza kila nusu saa akiwa ametulia. Wengi hukosea kwa kunyamaza: koo linamwasha mtu, anaona haya kutusumbua! Baba aseme hapo hapo. Na kama anameza vidonge vya presha, muulizeni daktari mapema kama avimeze asubuhi ile, maana dripu yenyewe hushusha presha.

Kilichonitisha mimi ni ambacho hukukiandika. Alipimwa homa ya ini B? Virusi vyake hulala mwilini miaka na miaka, na dawa hii inaweza kuviamsha, hata miezi mingi baada ya dripu ya mwisho. Hapo hakuna kutetemeka. Utaona macho ya manjano na mkojo kama chai ya rangi, ini limeshaumia. Vipimo ni viwili: cha virusi vyenyewe, na cha alama ya maambukizi ya zamani. Hicho cha pili ndicho nimeona kikisahaulika. Kikitoka chanya, daktari ana vidonge vya kumkinga, na haviachwi siku dripu zinapoisha.

Fungua faili lake leo, utafute majibu hayo. Usipoyaona, piga simu wodini kabla ya siku ya dripu ya pili. Na siku hiyo mbebee baba soksi nzito.