Maswali ya Wasomaji: Wiski Iliyolazwa kwenye Pipa la Divai

Nimeletewa chupa ya wiski ya mchanganyiko, yenye kilevi asilimia 40. Lebo inasema imemaliziwa kwenye mapipa ya divai nyekundu. Nimeionja mchana mara mbili, sikusikia divai hata chembe, koo tu liliungua. Je, nimeuziwa maneno? – Msomaji, Mwanga, Kigoma

Hujauziwa maneno, ila divai umeitafuta mahali isipokaa. Wiski ya mchanganyiko ni wiski ya kimea cha shayiri iliyochanganywa na wiski ya nafaka nyingine, kama ngano au mahindi. Kama ni ya Scotland, sheria inataka ikae kwenye mapipa ya mwaloni miaka isiyopungua 3, na mara nyingi mapipa hayo yamewahi kutumika Marekani kwa bourbon, wiski ya huko ya mahindi. (Mwaloni huu ni mti, si kule mwaloni kunakoanikwa dagaa.) Baadaye ndipo inahamishiwa kwenye pipa lililotoka divai na kulazwa humo miezi kadhaa, pengine mwaka au zaidi.

Pipa hilo huwa limeshamwagwa. Divai iliyobaki ni ile iliyonywewa na mbao. Fikiria mtungi uliofukizwa ubani: maji yananukia, lakini ubani haumo majini. Basi tarajia harufu ya zabibu kavu, ganda la zabibu, pengine tende, na ukakasi mwembamba kama ule zambarau inaouacha ulimini. Hivyo vyote huja mwishoni, baada ya kumeza. Mwanzoni utasikia vanila, karameli na nafaka, na hizo ni kazi ya pipa la kwanza.

Adui yako mkubwa ni joto la mchana. Chumba kikiwa na nyuzi 29 au 30, kilevi kinapanda puani kabla ya kitu kingine chochote. Onja jioni. Simamisha chupa nusu saa kwenye beseni la maji ya mtungini, lengo likiwa nyuzi 18 hadi 20. Usiiweke kwenye friza, maana baridi kali huifunga harufu kabisa. Zima feni, kwa sababu inapeperusha kile unachotaka kunusa, na kaa mbali na jiko linalokaanga migebuka kwa mawese. Mikono isiwe na sabuni ya manukato.

Tumia glasi yenye tumbo na mdomo uliobanwa, hata glasi ndogo ya divai inatosha. Pima mililita 20 kwa bomba jipya la sindano kutoka duka la dawa. Funika kwa kisosi dakika 10. Ukifunua, usitumbukize pua. Iweke usawa wa ukingo, mdomo ukiwa wazi kidogo, unuse mara tatu fupifupi. Funda la kwanza liwe nusu kijiko cha chai, nalo usilihukumu, kwani linauzoesha mdomo kilevi tu. La pili lizungushe kwa sekunde 10, meza, kisha toa pumzi kwa puani na usugue ulimi kwenye kaakaa. Hapo ndipo pipa la divai linapojitokeza.

Sasa ongeza mililita 5 za maji. Mililita 20 za asilimia 40 zitashuka hadi asilimia 32, ukali utapungua na matunda yatasikika wazi zaidi. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa yataharibu kila kitu, hivyo tumia yaliyochemshwa na kupozwa, au ya chupa yasiyo na chumvi nyingi.

Kipimo cha haki kuliko vyote ni kuiweka sambamba na wiski ya kawaida ya kampuni ileile, isiyopitia divai. Mwenzako amimine wewe ukiwa umegeuka, usijue ipi ni ipi. Ukizitofautisha mara tatu mfululizo, pipa limefanya kazi. Rangi isikushawishi: Scotland inaruhusu karameli ya kutia rangi, kwa hiyo wekundu peke yake si ushahidi.

Mtengenezaji anaweza pia kukosea. Wiski ikilala humo kupita kiasi, ukakasi unazidi, mwisho unakuwa mchungu kama chai iliyosahauliwa jikoni, na utamu wa nafaka unafunikwa. Ukisikia harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi au ya mpira, ujue mapipa ya divai hufukizwa salfa yasiote ukungu, na salfa hiyo imeingia kwenye wiski. Iache wazi dakika 20. Isipotoka, ni kasoro ya pipa, huna la kufanya.

Kutoka hapa, Dodoma si mbali kwa treni, na divai yake ipo madukani. Nikitia kidogo kwenye wiski ya kawaida, sitapata kitu kilekile kwa bei nafuu? – Msomaji, Tabora mjini

Utapata kinywaji kingine. Mililita 50 za wiski ya asilimia 40 ukizitia mililita 5 za divai ya asilimia 12, unashuka hadi asilimia 37.5 hivi, chini ya 40 ambayo ndiyo kima cha chini cha wiski Scotland. Uchachu mbichi wa zabibu unabaki peke yake juu, haujashikana na chochote. Kwenye pipa, hewa hupenya mbao polepole miezi yote hiyo, kilevi kinavuta utamu na ukakasi kutoka ndani ya mbao, na sehemu ya wiski inapotea kwa kuvukizwa. Kijiko hakiwezi kufanya kazi hiyo. Divai ya Dodoma inywe yenyewe, inastahili.

Nikitia barafu, wiski yangu inakuwa na ukungu. Ni feki? – Msomaji, Ujiji

Ukungu si dalili ya feki. Ni mafuta asilia ya wiski ambayo hayakuchujwa kwa baridi. Nguvu ikishuka chini ya asilimia 46 hivi na baridi ikaingia, yanajikusanya na kuonekana. Acha glasi ipate joto la chumba bila barafu. Ikirudi kung'aa, ni mafuta. Vikibaki vipande chini, ni kizibo kilichomeguka: chuja kwa kitambaa safi. Kwa chupa iliyonunuliwa hapa nchini, uhalali uutafute kwenye stempu ya kielektroniki ya TRA na kifuniko kisichochezewa. Na chupa yenye kizibo isimame wima daima, kwani kilevi kikali kinaharibu kizibo.