Nionyeshe asiye na mpira

Mmeuliza wiki hii: mchambuzi wa soka kwenye televisheni anakuthibitishiaje kwamba anaujua mpira? Kwangu mimi, ni pale anaposimamisha picha na kunionyesha mchezaji ambaye sikuwa namtazama.

Tukiwa kibanda umiza, macho yetu sote yanaufuata mpira. Bao likiingia tunamlaumu kipa, au beki aliyepigwa chenga ya mwisho. Mchambuzi anayejua huirudisha picha nyuma sekunde kumi: namba sita, yaani kiungo mkabaji, kamfuata mtu hadi pembeni, katikati pamebaki wazi, beki wa kati akalazimika kutoka kuziba, pasi ikapita mgongoni mwake. Mechi inayofuata, kosa kama hilo naliona mwenyewe kabla ya bao. Basi huyo kanifundisha.

Gary Neville, beki wa zamani, alipoanza kazi ya uchambuzi kwenye televisheni ya Sky Sports ya Uingereza mwaka 2011, alikuwa na medali za Manchester United za kutosha kutufunga midomo. Hakuzitegemea. Alisimama mbele ya skrini akatuonyesha beki anapaswa ageuze mwili upande gani krosi inapokuja, na kwa nini hatua moja tu inamponza. Najua kuna watakaonitajia Valencia, klabu ya Hispania aliyoifundisha kuanzia Desemba 2015, akachapwa 7-0 na Barcelona na kufukuzwa Machi 2016. Ni kweli, lakini kuliona kosa ni kazi moja, na kumzoeza mchezaji asilirudie ni kazi nyingine kabisa.

Utabiri nao siuhesabu sana. Agosti 1995, United walipofungwa 3-1 na Aston Villa, mchambuzi Alan Hansen alisema kwenye BBC kwamba huwezi kushinda chochote ukiwa na watoto. Watoto hao, Neville akiwemo, wakatwaa ligi na Kombe la FA msimu uleule. Bado Hansen alikuwa hodari wa kuichambua safu ya ulinzi. Siku ile alipima umri.

Kinachoniuma ni wachambuzi wetu wengi kutusomea asilimia za umiliki wa mpira tunazoziona wenyewe kwenye skrini, kisha wanarukia kusema nani alistahili kushinda. Muda huo mfupi wa mapumziko ni wa thamani. Dabi ya Kariakoo ijayo, nionyesheni winga wa kushoto anafanya nini mpira ukiwa kulia.