Figo ya dada, saratani ya Kaposi na utani wa shemeji

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu, nina miaka 44. Miezi 14 iliyopita nilipandikizwa figo niliyopewa na dada yangu. Natumia dawa za kuzuia mwili usiikatae figo: takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni. Mwezi uliopita nilitokwa na mabaka ya zambarau kwenye mguu wa kushoto. Walikata kipande cha ngozi, wakapima, wakasema ni saratani ya Kaposi. Shemeji yangu ni Mchaga nami ni Mpare, yaani ni watani, na Wapare hutaniwa kwamba wanapenda kesi. Aliposikia akasema figo ya Kipare haiwezi kukaa mahali bila kufungua kesi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mke wangu alikasirika. Anasema nikiendelea na mzaha nitakufa. Je, dawa ndizo zilizoniletea saratani? Nikiziacha itaondoka? Na je, moyo wa furaha unaponya, au najidanganya?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Naanza na lile linalonitia hofu zaidi: usiache dawa hata dozi moja kwa uamuzi wako. Ukiziacha zote, mwili utaanza kuikataa figo, na utajikuta na saratani huku umerudi kwenye mashine ya kusafisha damu.

Sasa swali lako la kwanza. Saratani ya Kaposi huletwa na kirusi cha jamii ya herpesi, aina ya 8, kilichogunduliwa mwaka 1994. Huku kwetu Afrika Mashariki wengi wanacho tangu utotoni, na njia yake kubwa ni mate. Kinga ya mwili ikiwa imara hukidhibiti, mtu akazeeka bila kujua anacho. Dawa ulizopewa kazi yake ni kuituliza kinga hiyo isiishambulie figo ya dada. Kinga ikilegea, kirusi hupata nafasi. Kwa hiyo ndiyo, dawa zimechangia. Lakini bila hizo dawa usingekuwa na figo inayofanya kazi leo, na aliyekuandikia hakukosea.

Habari njema ni kwamba saratani hii, tofauti na nyingi ninazoziona, mara nyingi hurudi nyuma kinga ikiachiwa kidogo. Daktari wako anaweza kupunguza dawa kwa mpangilio, au akaondoa takrolimasi na kukuhamishia sirolimasi. Dawa hii nayo huilinda figo, ila pia huzuia uotaji wa mishipa midogo ya damu, na Kaposi ni uvimbe unaotokana na chembe za mishipa hiyo. Mwaka 2005 madaktari wa Bari, Italia, waliandika kuhusu wagonjwa 15 waliokuwa wamepandikizwa figo, wakahamishiwa sirolimasi: baada ya miezi mitatu mabaka ya ngozi yalikuwa yametoweka kwa wote, na figo zao hazikukataliwa. Si kila mgonjwa aliyefuata amepona kirahisi namna hiyo, na saratani ikiwa imefika kwenye mapafu au utumbo huenda ukahitaji dawa za saratani zenyewe. Lakini mabaka ya mguuni peke yake ni mahali pazuri pa kuanzia.

Sirolimasi ina maudhi yake: vidonda mdomoni, mafuta kupanda kwenye damu, protini kwenye mkojo, vidonda kuchelewa kupona. Siku ya kupima kiwango chake kwenye damu, usimeze dozi ya asubuhi mpaka damu itolewe. Kikohozi kikavu au pumzi kukata, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Utasikia pia minong'ono, kwa kuwa huku kwetu jina Kaposi limefungamanishwa na UKIMWI. Kaposi yako imetokana na kinga iliyoshushwa kwa dawa. Majibu ya VVU yako kwenye faili lako, maana ni kipimo kinachofanywa kabla ya kupandikiza, na huna deni la kumweleza jirani.

Nije kwenye kicheko. Mwaka 2007 mwanasaikolojia James Coyne na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo. Hali yao ya kihisia haikuonyesha nani angeishi zaidi. Mimi nauona huo kuwa ujumbe wa huruma. Maana yake kicheko hakitayeyusha mabaka, lakini pia usiku utakaolia hautayaongeza. Nimewahi kuwa na wagonjwa waliokuwa wakiomba radhi kliniki kwa sababu wamekata tamaa, kana kwamba wameharibu dozi. Hakuna dozi iliyoharibika.

Kicheko kina kazi nyingine. Kwetu mtani huingia mpaka msibani, akafanya vituko mbele ya jeneza, na hakuna anayedhani hajali. Yeye ndiye anayewafanya wafiwa wameze tonge la kwanza. Shemeji yako ametimiza wajibu huo. Alikuwa wa kwanza kuutaja ugonjwa wako kwa sauti, na tangu hapo mnaweza kuuzungumzia.

Ninachokuomba ni kimoja: utani usikae mahali pa taarifa. Mguu ukivimba, choo kikiwa cheusi, ukikohoa damu, hilo liseme wazi kwa mkeo na kwa daktari, bila kulivalisha kichekesho. Nadhani hofu ya mama watoto ndiyo hiyo, kwamba siku utakapoumwa kweli atasikia mzaha tu. Mpeleke kliniki ijayo. Akiona daftari la vipimo, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi) imeandikwa, dawa zimehesabiwa, ataweza kuwaacha wewe na shemeji mwendelee na kesi yenu.

Hukumtaja dada zaidi ya kusema alikupa figo, nami nina wasiwasi naye. Wanaotoa kiungo wakisikia neno saratani hudhani wao ndio walioileta. Kirusi hiki kinaweza kupita na kiungo, hilo ni kweli, lakini kwa mtu aliyekulia huku kwetu uwezekano mkubwa ni kwamba ulikuwa nacho kabla ya upasuaji. Mpigie leo umwambie hivyo, na umweleze figo yake inavyofanya kazi.