Usizamishe seti nzima kabla hujajaribu hiyo gilezi

Mleta mada, weka hiyo ndoo ya gilezi, hayo maji ya kupaka yanayogeuka kioo motoni, chini kwanza! Umesema mwenyewe: bakuli zako za udongo umeshazipaka rangi ya chini, ile inayokaa chini ya gilezi, majani ya kijani umeshayachonga, umechoma mara ya kwanza, na leo unazamisha seti nzima kwenye gilezi angavu "yoyote tu". Yoyote? Hapo ndipo nilipoumia mimi.

Nilikuwa na seti kama yako. Mishipa ya kila jani niliikwangua kwa ncha ya sindano mpaka udongo mweupe ukatokeza. Muuzaji, tena mtu mwenye karakana na wanafunzi, akaniambia bila kupepesa macho kwamba gilezi angavu zote ni moja, zinatofautiana makopo. Nafungua tanuri: majani yote kahawia! Tena kahawia chafu, kama dari iliyovuja mvua. Mishipa niliyoikeshea ndiyo iliyobaki safi. Aliyeuliza nilimjibu kuwa nimechora kiangazi.

Kumbe gilezi ile ilikuwa na madini ya zinki. Rangi nyingi za kijani zimetengenezwa kwa madini ya kromi, na kromi ikikutana na zinki motoni hugeuka kahawia. Ikikutana na madini ya bati inaweza kukutolea waridi. Na hiyo haifutiki, haikwanguliki. Nilipomrudia yule bwana akasema labda tanuri langu lina hasira. Mwenye hasira ni mimi niliyempa hela!

Kwa hiyo kipande cha majaribio kwanza, sitaki ubishi. Udongo uleule, rangi zako zote, mistari ya kuchonga, gilezi hiyohiyo: upande mmoja zamisha mara moja, wa pili mara mbili, kisha choma kwenye tanuri lilelile. Gilezi ikiwa nene mno utaona ukungu mweupe juu ya rangi za giza, na mifereji uliyochonga itajaa. Kopo likitaja zinki na wewe una kijani, lirudishe. Muuzaji akicheka, mwache acheke.

Uliuliza pia tabaka za rangi kwa kazi ijayo. Tatu nyembamba, kila moja ikauke kidogo kabla ya nyingine. Chonga udongo ukiwa umekauka nusu, na zile chembe zinazobaki usizifute kwa sponji yenye maji, utapaka matope juu ya nakshi. Ziache zikauke, uzipanguse taratibu kwa brashi, na barakoa usoni. Lile swali lako la kisu watakujibu wengine. Mimi nataka picha ya hicho kipande kabla hujagusa bakuli.